Kabla ya Kupanga Nyumba Chicago: Namna ya Kuupima Usalama wa Mtaa

Mtu anayehamia Chicago kutoka Nairobi, Dar es Salaam au kambi ya Nyarugusu huwa ameshaambiwa mambo mawili kabla hajashuka ndege: kwamba mji ule ni wa risasi, na kwamba South Side hakukaliki. La kwanza lina nusu ya ukweli. La pili halimsaidii mtu kuchagua nyumba, maana upande wa kusini ni zaidi ya nusu ya mji. Humo mna Hyde Park yenye chuo kikuu, mna Beverly, mna Mount Greenwood ambako polisi wengi wa mji wanaishi kwa sababu wafanyakazi wa manispaa wanatakiwa wakae ndani ya mipaka ya Chicago. Humohumo pia mna Englewood, inayotajwa sana kwa uhalifu. Ukilihukumu eneo kwa jina la upande utakosea pande zote mbili: utakimbia nyumba nzuri ya bei nafuu, au utaingia mtaa mbaya kwa kuwa tu uko kaskazini.

Anza na hesabu. Mwaka 2024 polisi wa Chicago waliandikisha mauaji 573 katika mji wa watu wapatao milioni 2.7, yaani kama 21 kwa kila watu 100,000. Mwaka 2021 yalikuwa karibu 800. Kwa idadi tupu Chicago huwa juu kabisa, na ndiyo habari inayosafiri. Kwa kiwango, St. Louis, Memphis, New Orleans, Baltimore na Detroit ziliipita. Ukiona gazeti lina idadi kubwa kidogo kuliko ya polisi, usidhani kuna anayedanganya: mauaji yanayotokea kwenye barabara kuu za mwendo kasi huchunguzwa na polisi wa jimbo la Illinois, na hayamo katika hesabu ya polisi wa mji.

Lakini hupangi mji mzima. Chicago imegawanywa katika maeneo rasmi 77 ambayo mipaka yake haibadiliki na uchaguzi, na hayo ndiyo ya kulinganisha. Hata hapo kuna mitego. Austin, upande wa magharibi, hutajwa sana kwa sababu ina watu karibu 96,000. Lazima matukio yake yawe mengi. West Garfield Park iliyo jirani ina watu kama 17,000 tu, na huko tukio moja la mauaji linaongeza kiwango kwa karibu sita kwa kila watu 100,000. Kwa eneo dogo hivyo, usiangalie mwaka mmoja, chukua mitatu. Mtego mwingine ni Loop, katikati ya mji. Wakazi wake ni wachache, wapitao kazini na madukani kila siku ni umati, na hesabu ya uhalifu inagawanywa kwa wakazi peke yao. Kiwango kinachotoka kinatisha kuliko hali yenyewe.

Usimtegemee dalali akwambie kama mtaa ni salama. Wengi hawatajibu, na sababu si unafiki: sheria ya makazi ya mwaka 1968 inakataza kumwelekeza mteja mtaa fulani kwa sababu ya rangi au asili, na jibu la "pale pazuri" linaweza kuwapeleka mahakamani. Tovuti za nyumba za Realtor.com na Trulia nazo ziliondoa ramani zao za uhalifu miaka ya 2021 na 2022. Programu za simu zinazolia kila king'ora kinapopita hazikupi kipimo, zinakupa kelele.

Kipimo kipo, tena bure, kwenye data.cityofchicago.org. Tafuta jedwali liitwalo Crimes - 2001 to Present. Kila mstari ni tukio moja lililoandikishwa na polisi, na jedwali huongezwa kila siku, ila matukio ya siku saba za mwisho huwa bado hayamo. Namba ya nyumba hufichwa tarakimu mbili za mwisho, kwa hiyo utaona 013XX W HOWARD ST na si nyumba yenyewe. Chuja kwanza kwa tarehe, miezi 12 kamili. Hili la miezi 12 si urembo: risasi Chicago huongezeka kiangazi, usiku, na mwisho wa wiki. Anayepima mtaa kwa takwimu za Januari na Februari, au anayeutembelea wakati huo, anauona ukiwa umelala kwa baridi. Kisha chuja kwa namba ya eneo, safu ya Community Area: Rogers Park ni 1, West Ridge 2, Uptown 3, Edgewater 77. Tunayataja haya ya kaskazini kwa sababu ndiko wakimbizi na wahamiaji wengi wa Kiafrika, wakiwemo Wakongo wanaosema Kiswahili, huanzia maisha.

Baada ya hapo kuna kazi ya kutenganisha, na hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kuwa wanajumlisha kila kitu. THEFT ni wizi usio na nguvu, na sehemu yake ni bidhaa za madukani. Kwenye safu ya Description utaona RETAIL THEFT. Iondoe, la sivyo nyumba iliyo karibu na duka kubwa la vyakula itaonekana kama pango la wezi. BATTERY ni kumpiga au kumgusa mtu kwa ubaya, ASSAULT ni kumtishia. Angalia safu ya Domestic: matukio mengi ya BATTERY ni ya ndani ya familia, ni mabaya sana kwa anayeyapata, ila hayakwambii chochote kuhusu kurudi nyumbani saa nne usiku. Kwa mpangaji mgeni, ya kuhesabu kwanza ni matatu: ROBBERY (unyang'anyi wa nguvu) yaliyotokea STREET, SIDEWALK au ALLEY, yaani barabarani, njia ya miguu au uchochoroni, BURGLARY (kuvunja na kuingia) ya APARTMENT, na MOTOR VEHICLE THEFT (wizi wa gari) kama una gari. Kumnyang'anya mtu gari kwa silaha hakumo katika wizi wa magari, kumo ndani ya ROBBERY kwa jina la VEHICULAR HIJACKING. Mtu akikosa kujua hilo anaweza kuamini kwamba mtaa wake hauna kabisa.

Hesabu hivyo kwa nyumba zote mbili au tatu unazozifikiria, kwenye ramani, mitaa minne kila upande pamoja na njia yote hadi kituo cha treni. Tofauti ya matukio matatu na matano haina maana. Manne dhidi ya 25 ina maana. Katika eneo lilelile, mtaa mmoja unaweza kupita mwaka bila tukio la njiani na mwingine, umbali wa dakika tano kwa miguu, ukawa na kona ambako matukio hurudiwa kila wiki. Kwa kawaida kona hiyo iko karibu na duka la pombe, kituo cha mafuta kinachokesha, au jengo lililoachwa tupu.

Umbali wenyewe unaupata kwenye anwani bila kufungua ramani. Namba za nyumba Chicago huanzia makutano ya barabara za State na Madison katikati ya mji, na kila namba 800 ni maili moja, takriban kilomita 1.6. Howard, kituo cha mwisho cha kaskazini cha njia ya treni iitwayo Red Line, kiko 7600 North. Nyumba iliyo 6900 North iko namba 700 kusini yake: kama kilomita 1.4, dakika 17 au 18 za mwendo wa kawaida, na zaidi barafu ikiwa chini. Dalali akiandika "karibu na treni", toa hesabu hiyo. Kisha uliza ni treni ipi, kwa sababu ni Red Line na Blue Line tu zinazokesha. Nyingine husimama usiku, na anayetoka zamu ya saa saba usiku atasubiri basi barabarani. Itembee njia hiyo mara mbili, mchana na saa utakayorudi kweli. Desemba jua huzama kama saa kumi na dakika 20 jioni, kwa hiyo hata anayetoka kazini saa kumi na moja anarudi gizani kwa miezi kadhaa. Angalia taa za barabarani moja moja. Iliyozimika unairipoti kwa 311, simu ya huduma za manispaa, na unapewa namba ya ombi.

Jengo sasa. Nyumba nyingi za kupanga Chicago ni za matofali, ghorofa mbili au tatu, familia moja kila ghorofa, na nyuma zina ngazi za mbao zinazoshuka hadi uchochoroni. Mji una zaidi ya maili 1,900 za vichochoro hivyo. Mbele kuna mlango mzito na kengele. Nyuma kuna giza, mapipa ya taka, na ngazi zinazompandisha yeyote hadi mlango wa jikoni. Kwa hiyo ukionyeshwa nyumba, omba kwanza upelekwe nyuma. Gonga mlango: ukilia kama debe, ni mtupu ndani na utavunjika kwa teke. Angalia komeo. Ulimi wake unapaswa kuingia kwenye fremu inchi moja kamili. Halafu chunguza bamba la chuma linaloupokea ulimi huo pembeni ya mlango, kwa sababu mlango unaopigwa teke mara nyingi hauvunjiki wenyewe, inapasuka fremu. Skrubu zinazokuja na bamba huwa fupi, zinashika ubao mwembamba wa nje tu. Zikibadilishwa na za inchi tatu, zinafika kwenye nguzo ya ukuta. Ni skrubu nne na robo saa ya kazi, na mwenye nyumba hukubali kwa urahisi ukijitolea kuzinunua mwenyewe.

Vyumba vya chini, vile ambavyo nusu iko ardhini na huitwa "garden", ni nafuu na madirisha yake yako usawa wa magoti ya mpita njia. Kama vina nondo, lazima nondo zifunguke kwa ndani bila ufunguo. Nondo zilizochomelewa zinazuia mwizi na zinakuzuia nawe moto ukiwaka. Na vitasa: katika kaunti ya Cook, ambamo Chicago imo, sheria inamtaka mwenye nyumba abadilishe kitasa au ufunguo wa mlango wako kabla ya siku unayoingia au siku hiyohiyo. Haiyahusu majengo ya nyumba nne au pungufu ambayo mwenyewe anaishi humo, wala chumba ndani ya nyumba ya mtu. Uliza kwa maandishi kama imefanyika. Huwezi kujua wapangaji waliopita walichonga funguo ngapi.

Kuna uhalifu unaokupata kabla hujahamia. Tangazo lina picha nzuri, kodi iko chini ya majirani kwa dola mia tatu au nne, mwenye nyumba "yuko safarini" na ufunguo utatumwa ukishalipa amana kwa Zelle, huduma ya kutuma pesa kwa simu kupitia benki. Usilipe nyumba ambayo hujaingia ndani yake, wewe au mtu wako. Ingiza anwani kwenye kumbukumbu za majengo za manispaa: utaona vibali, ukaguzi na makosa ya jengo, na anayejiita mwenye nyumba lazima ajue kuyaeleza. Ukilipa, lipa kwa njia inayoacha karatasi na udai risiti. Siku hizi wengi hawadai amana, wanadai ada ya kuhamia ambayo hairudi. Lisome hilo kwenye mkataba kabla ya kutia sahihi.

Wenye magari, hasa mnaosambaza chakula au kubeba abiria: gari linalonguruma bila mtu ndilo jepesi kuliko yote kuibwa. Asubuhi ya baridi kali watu huliwasha lipate joto na kurudi ndani kunywa chai. Msambazaji huliacha likiwaka dakika mbili apeleke mfuko ghorofa ya tatu. Kia na Hyundai nyingi za kuanzia 2011 hadi 2022 zinazowashwa kwa ufunguo wa kuzungusha zilitoka kiwandani bila kifaa cha kuzuia injini isiwake kwa ufunguo usio wake. Kampuni hutoa marekebisho ya programu bure. Yafanye, kisha weka pia kufuli la usukani linaloonekana kwa nje. Kwenye treni usiku, panda behewa la kwanza alipo dereva na usikae na simu mkononi karibu na mlango. Mkwapuzi hungoja milango ianze kufunga, ananyakua na kushuka.

Wiki ya kwanza ya kuhamia, chukua bima ya mpangaji. Mara nyingi haizidi dola 25 kwa mwezi, na hulipia vilivyoibwa baada ya wewe kubeba sehemu ya mwanzo, aghalabu dola 500. Bima ya mwenye nyumba hailipi televisheni yako. Vya mwenzako wa chumba navyo havimo mpaka awe na yake. Piga picha za vitu na namba zake za kiwandani.

Tukio likiendelea au mtu akiwa hatarini, piga 911. Sema "Swahili" na usikate simu, utaunganishwa na mkalimani. Lililokwisha tokea bila hatari, kama baiskeli iliyoibwa usiku, huripotiwa kwa 311. Wanaoogopa kwa sababu ya karatasi wajue kwamba sheria ya mji inawakataza polisi wa Chicago kuuliza hali ya uhamiaji ya mtu anayeripoti. Kabla ya kumaliza, dai namba ya RD, yaani namba ya ripoti yako ya polisi: herufi mbili zikifuatwa na tarakimu sita. Kampuni ya bima itaitaka hiyo kabla ya kukusikiliza, na ukirudi kituoni bila hiyo utaanza maelezo upya.