Benz Kompressor haina nguvu? Pima haya kabla ya kununua supachaja

Mwenye C200 Kompressor akilalamika kwamba gari limekuwa zito, halichomoki wakati wa kuovateki na petroli inaisha haraka, jibu la kwanza atakalopewa gereji ni kwamba supachaja (pampu inayoisukumia injini hewa kwa presha) imekufa, atafute used. Supachaja ya gari hili haifi kirahisi hivyo. Naandika baada ya kumsaidia dada mmoja aliyekuwa karibu kabisa kulipia nyingine, kumbe shida ilikuwa mpira wa kupumulia injini, ule unaorudisha mvuke wa oili wa injini kwenye njia ya hewa.

Nazungumzia injini ya M271, silinda nne, sisi 1,796, iliyoanza kufungwa kwenye W203 mwaka 2002 na ikaendelea hadi W204 za mwanzo (W203 na W204 ni matoleo mawili ya C-Class yaliyofuatana). Hewa inapita hivi: chujio, sensa ya hewa, supachaja, intakula (kipoza hewa), throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta), halafu manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda). Shika mpangilio huo kichwani, kila kitu hapa chini kinautegemea. Supachaja yenyewe inazungushwa na mkanda muda wote injini inapowaka, haina klachi ya sumaku kama ya SLK 230 za mwanzo. Kinachoamua presha iende kwenye injini au izunguke irudi ilikotoka ni flapu ndogo inayoendeshwa na umeme.

Hatua ya 1: Vya kawaida

Plagi, koili, chujio la hewa, mkanda na tenshena yake. Hivi unavijua.

Hatua ya 2: Skana, lakini soma namba

Kifaa cha bei nafuu cha Bluetooth na simu vinatosha kuanzia, mradi vionyeshe data injini ikiwa inawaka. Fundi anayesoma kodi (namba ya kosa iliyohifadhiwa na kompyuta ya gari), akaifuta na kukurudishia funguo hajapima kitu. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. P0299 inasema presha ya supachaja ni ndogo. Hakuna kati ya hizo inayosema ni kifaa gani kibovu.

Kwanza washa swichi bila kuwasha injini, usome presha ya manifoldi. Hiyo ndiyo presha ya hewa ya hapo ulipo: Dar es Salaam utaona kama 101 kPa, Mbeya au Nairobi kama 82 au 83. Iandike. Supachaja ya aina hii inasukuma ujazo uleule wa hewa kila mzunguko, kwa hiyo hewa ikiwa nyepesi, na presha itakayotoka itakuwa ndogo. Gari la Mbeya haliwezi kufikia namba za gari la Dar, na watu wameuziwa supachaja kwa sababu tu fundi hakulijua hilo.

Sasa washa injini, ipate moto, halafu angalia marekebisho ya mafuta ya muda mrefu (long term fuel trim), yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Yakiwa kati ya -5 na +5 uko salama. Yakizidi +10 gari likiwa sailensa (linanguruma bila kukanyaga mafuta), halafu yakashuka karibu na sifuri ukishikilia mizunguko 2,500, kuna hewa inaingia bila kupita kwenye sensa. Yakiwa mazuri sailensa lakini yanapanda ukikanyaga mafuta, mtuhumiwa ni pampu ya petroli, chujio lake, au sensa ya hewa iliyochafuka.

Hatua ya 3: Moshi

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Mafundi wengi wanapuliza petroli au dawa ya kusafishia kabureta kwenye mipira huku injini inawaka, wakisikiliza kama mlio utabadilika. Sikubaliani na njia hiyo hata kidogo. Ekzosi iko palepale ikiwa ya moto, na kwenye injini hii mipira inayooza imejificha chini ya manifoldi ambako huwezi kupuliza ukajua umepuliza wapi.

Tumia mashine ya moshi. Hata ya kutengeneza mwenyewe kwa kopo la chuma, mafuta ya mtoto na plagi ya kupashia moto ya dizeli inafanya kazi. Sharti ni presha: isizidi 0.1 bar. Ukiunganisha kompresa ya gereji moja kwa moja utatoboa sili za kranki, na utakuwa umeongeza tatizo la pili.

Zima injini, ziba upande wa chujio kwa glovu ya mpira, ingiza moshi baada ya sensa ya hewa. Throto ikiwa imejifunga, moshi mwingi utaishia hapo na utadhani mfumo mzima ni mzima. Kwa hiyo rudia, safari hii ukiingiza moshi kwenye manifoldi yenyewe kupitia mpira wa vakyumu. Usiruke zoezi hili la pili.

Moshi ukitokea kwenye ekzosi usishtuke, kuna silinda ambayo valvu zake zote zimefunguka kidogo. Zungusha kranki kidogo kwa spana, uendelee. Ukitokea kwenye mpira unaokwenda kwenye tangi la petroli, valvu ya mvuke imekwama wazi, na hilo ni tatizo la kweli.

Subiri dakika kadhaa. Zima feni, kaa pasipo upepo, tumia tochi kali. Kisha ingiza kioo kidogo au kamera ya simu chini ya manifoldi, ilipo mipira ya kupumulia injini. Kwa juu mpira utauona mweusi, mzima kabisa. Ubonyeze upande wa chini: umelainika na kuvimba kwa oili, na kidole kikizama utaona ufa umefunguka hadi nyuzi za ndani zinaonekana. Na kama injini ya baridi haikuonyesha kitu, ipashe moto urudie, maana baadhi ya nyufa hufunguka mpira ukiwa wa moto tu.

Ufa ulio kabla ya supachaja unavuta hewa wakati wote. Ulio kati ya supachaja na throto unapoteza hewa iliyokwisha kupimwa pale unapokanyaga, kwa hiyo gari litanuka petroli na kutoa moshi mweusi. Ulio baada ya throto unafanya yote mawili: unavuta sailensa, unapuliza ukiongeza mwendo.

Hatua ya 4: Flapu

Ikikwama wazi, gari linaendeshwa kama halina supachaja kabisa. Safisha, kisha iamrishe kwa skana nzuri ifunguke na kujifunga.

Hatua ya 5: Supachaja yenyewe

Toa mkanda, zungusha puli kwa mkono. Iende laini, bila kukwaruza wala kucheza juu na chini. Utando wa oili ndani ya mdomo wake si ushahidi wa sili mbovu, oili hiyo hutoka kwenye hewa ya kupumulia injini. Ikizunguka vizuri, iache.

Hatua ya 6: Kama bado ni nzito

Chomoa soketi za sumaku mbili za kamshafti, mbele ya silinda hedi. Ukikuta oili ndani ya soketi, fuata waya hadi kwenye kompyuta ya injini, kwa sababu oili hutambaa ndani ya waya mpaka huko. Mlio wa kugongagonga asubuhi kwa sekunde chache pamoja na kodi P0016 unaelekeza kwenye cheni ya taimingi au gia za kamshafti, na hapo usiendelee kuliendesha gari. Masega (kisafisha moshi kilicho ndani ya ekzosi) yapime kama yameziba, kwa geji ya presha kwenye tundu la sensa ya oksijeni ya kwanza: kwa mizunguko 2,500 isizidi 0.2 bar.

Ukishabadilisha kilichokufa, futa kodi na marekebisho ya zamani, halafu tembea siku chache mjini na barabara kuu ndipo usome tena. Siku ya kwanza namba zitayumba, kompyuta bado inajifunza.