Somo: Kusafisha na kutengeneza fimbo kuukuu za gofu nyumbani

Wengi wetu hapa pwani tulianza gofu kwa fimbo za mkono wa pili: za mtumba, za kuachiwa na mzee aliyestaafu, au za kupewa na mchezaji uliyembebea mfuko msimu mzima. Mimi nilikuwa kedi Mombasa, na seti yangu ya kwanza niliipata hivyo, ayani (fimbo za kichwa cha chuma) saba zilizoshika kutu mpaka namba hazisomeki. Tangu hapo nimeshika fimbo nyingi za watu, na nyingi zilizoharibika ziliharibiwa siku ya kusafishwa, na mtu aliyekimbilia sabuni kabla hajajua ameshika nini. Kwa hiyo tuanze kwa kutazama.

Hatua ya 1: Ijue fimbo yako

Zitoe zote nje kwenye mwanga. Tafuta sumaku, hata ya spika mbovu. Shafti, yaani mpini wa fimbo, ikinasa ni chuma, isiponasa kwa kawaida ni grafaiti, yaani nyuzi za kaboni. Kichwa cha ayani kinachong'aa kama kioo kimepakwa kromu. Kile cha kijivu chenye kutu iliyoenea sawasawa huwa ni chuma kitupu. Draiva (fimbo za kupigia mbali) za zamani zina vichwa vya mti. Kila kimoja kina dawa yake, na dawa ya mmoja ni sumu ya mwingine.

Kisha ilaze fimbo, uiinue upande mmoja taratibu karibu na sikio. Je, unasikia chembe zikiteremka ndani ya shafti kama mchanga kwenye kibuyu? Huenda ni vipande vya gundi ya zamani, na hiyo si shida. Huenda pia ni kutu. Fimbo husimama mfukoni gripu, yaani mpira wa kushikia, zikiwa chini, na maji ya mvua hutuama hukohuko chini. Kitako cha gripu kina tundu dogo, na maji huingia hapo. Nje shafti inang'aa, ndani inaliwa. Utakapovua gripu, mimina chembe hizo juu ya karatasi nyeupe. Zikiwa ngumu, za manjano au kijivu, ni gundi. Ukiona unga wa kahawia unaochafua kidole, ni kutu.

Shafti iliyoliwa na kutu mpaka ina vishimo haitengenezwi. Inaweza kukatika katikati ya pigo, kichwa kikaruka kikampata mtu. Tupa shafti, hifadhi kichwa.

Hatua ya 2: Kuosha

Maji ya uvuguvugu, matone machache ya sabuni ya vyombo, mswaki wa zamani. Loweka vichwa vya chuma dakika 10, maji yasifike kwenye ile pete nyeusi ya plastiki shingoni. Maji ya moto sana hulegeza gundi. Uchafu wa mifereji, ile mistari ya usoni mwa kichwa, utoe kwa kijiti cha meno, usitumie msumari. Suuza, kausha kwa kitambaa palepale.

Kichwa cha mti hakiingii majini kabisa. Niliwahi kuloweka draiva ya mti ya mzee mmoja usiku kucha, nikidhani namfanyia hisani. Asubuhi mti ulikuwa umevimba, rangi imepasuka, na kile kibati cha chini kimenyanyuka upande mmoja. Hakikurudi tena mahali pake, na sura ya yule mzee alipoipokea naikumbuka hadi leo. Mti unafutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri, basi.

Hatua ya 3: Kutu

Kwenye kromu, kunja kipande cha foili ya kufungia chakula, kichovye kwenye maji, usugue polepole. Foili ni laini kuliko kromu, kwa hiyo inaondoa kutu bila kukwaruza. Siki usiitumie hapa: palipobanduka, asidi hupenya chini ya kromu na kuzidi kuibandua.

Chuma kitupu ndicho cha siki. Loweka kichwa kwenye siki nyeupe usiku mmoja, asubuhi sugua kwa pamba ya chuma iliyo laini kabisa, kisha kitie kwenye maji ya magadi ili asidi ife. Suuza, anika juani, pangusa kwa mafuta ya cherehani. Ukiruka magadi, kwa hewa hii yetu ya chumvi, hata jioni haifiki kabla wekundu haujaanza kurudi.

Hatua ya 4: Kubadilisha gripu

Kazi hii ndiyo inayobadilisha mchezo kuliko zote, maana gripu iliyokauka inakulazimisha kukaba fimbo, na mkono unaokaba haupigi mpira vizuri.

Chana gripu ya zamani kwa kisu chenye ncha ya ndoana, ukielekeza makali mbali nawe. Kwenye grafaiti laza kisu, kisichimbe nyuzi. Ondoa utepe wote wa zamani. Funga shafti kwenye jiriwa ukiwa umeizungushia mpira wa ndani wa baiskeli, na usikaze sana. Bandika utepe wenye gundi pande mbili, uache sentimita moja ikizidi mwishoni, uisokote na kuisukuma ndani ya mdomo wa shafti. Kile kizibo kidogo ndicho kitakachozuia maji tuliyoyasema.

Ziba tundu la gripu mpya kwa kidole, mimina tapentaini ndani, tikisa, kisha imwagie yote juu ya utepe. Sukuma gripu kwa mkupuo mmoja bila kusita mpaka kitako kigote. Nyoosha mistari ilingane na uso wa fimbo kabla haijashika. Acha hadi kesho yake.

Hatua ya 5: Kichwa kinachocheza

Pasha shingo kwa blowa, ile ya mafundi simu, ukiwa nje penye hewa. Shafti ya chuma unaweza kuizungusha itoke. Ya grafaiti ivute wima tu, kwa joto dogo, ukiisokota nyuzi zinakatika. Safisha ndani ya shingo kwa msasa uliozungushiwa penseli. Kwaruza ncha ya shafti sentimita 3 hivi mpaka kromu iishe, kwa sababu gundi haishiki juu ya kromu. Vika pete, changanya epoksi ya mirija miwili sawa kwa sawa, paka pande zote, ingiza ukizungusha kidogo. Saa 24 usiiguse. Ile epoksi ya dakika tano haifai kwa fimbo.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Tanga:* Fundi, mafuta ya cherehani sina. Ya nazi je?

Hapana kaka. Ya nazi huganda kukiwa na baridi, na hunasa vumbi. Afadhali ukaushe vizuri usipake kitu mpaka uyapate.

*Mwanachama wa Moshi:* Nilitumia mafuta ya taa kuingiza gripu. Wiki mbili sasa bado inazunguka mkononi.

Mafuta ya taa hayakauki yote, yanabaki kama grisi. Pole, gripu hiyo ikate, safisha utepe wote, uanze upya.

*Mwanachama wa Nairobi:* Shikamoo fundi. Ninaweza kuchimba mifereji ya weji (fimbo ya mipigo mifupi) kwa tupa ili mpira ushike zaidi?

Marahaba binti yangu. Safisha tu, usichimbe. Kanuni zina vipimo vya mifereji, ukivipita fimbo inakuwa haramu mashindanoni.

*Mwanachama wa Mombasa:* Marehemu babu aliacha fimbo mbili zenye shafti za mti. Vichwa vinacheza. Nifanyeje?

Ndugu yangu, hizo zishike kama yai. R&A (chama cha kanuni za gofu) iliruhusu shafti za chuma mwaka 1929, kwa hiyo huenda za babu ni za kabla ya hapo au karibu na hapo, na mti wake kwa kawaida ni hikori. Usizing'arishe, na siki isizikaribie. Mti umenywea, ndiyo maana vinacheza. Tazama shingoni, utaona kichwa cha pini iliyopita upande hadi upande. Usiing'oe. Paka mafuta ya kitani mahali mti unapoingia kwenye chuma, kidogokidogo kila jioni kwa wiki moja, fimbo ikiwa imelazwa kivulini. Vikiendelea kucheza, niletee tuzitazame pamoja.