Kabla ya Kutafuta Mtoto, Chunguza Maji Unayokunywa

Mbegu ya kiume huchukua siku 70 hivi kutengenezwa. Kwa hiyo baba mtarajiwa aanze kujihadhari na petroli na mafuta mengine ya aina hiyo angalau miezi mitatu kabla, hasa kama kazini bado anavuta petroli kwa mpira na mdomo. Tabia hiyo aiache leo. Na aliyemeza kwa bahati mbaya asitapishwe, maana mafuta yakipanda huingia mapafuni; apelekwe hospitali. Mama naye alizaliwa na mayai yake yote, hatengenezi mengine. Katika panya wa maabara, benzopireni, kemikali iliyomo kwenye oili chafu ya injini, imeonekana kuua vifuko vya mayai ndani ya ovari, na vifuko hivyo ndivyo vinavyotoa homoni ya estrojeni.

Mafuta haya huweza kufika hata kwenye maji ya kunywa, basi anzeni na vyombo. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa lisitiwe tena maji ya kunywa, hata mkilisugua vipi. Jaribu uone: lioshe kwa sabuni na maji ya moto, lianike, kisha lijaze maji na ulifunge usiku kucha. Asubuhi ukifungua kifuniko harufu ile ile inakupokea, kwa sababu plastiki imeyanywa mafuta na sasa inayatema kidogo kidogo. Petroli iliyomwagika ardhini nayo hupenya hata bomba la plastiki lililo zima.

Msitegemee pua peke yake. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha benzini, kemikali yenye sumu iliyomo kwenye petroli, kwenye maji ya kunywa kuwa mikrogramu 10 kwa lita, na pua huanza kuinusa kikomo hicho kikiwa kimepitwa mara nyingi sana. Kuchemsha nako hakutoshi: benzini inapanda na mvuke, nanyi mnaivuta humo humo jikoni. Huko Hawaii, Novemba 2021, mafuta ya ndege yaliingia kwenye maji ya familia za wanajeshi wa Marekani, na waligundua kwa harufu wakati wengine walishayanywa. Kisima kilicho karibu na tangi la mafuta kipimwe maabara, na mkisubiri majibu tumieni maji ya kwingine.

Linalonitia hofu zaidi ni risasi, yaani madini ya ledi. Petroli ya magari yenye risasi ilikoma kuuzwa duniani mwaka 2021, lakini risasi iliyokwisha kuingia mwilini hukaa kwenye mifupa kwa miaka mingi. Hupunguza mbegu za kiume na huongeza hatari ya mimba kuharibika. Mama akibeba mimba, uhitaji wa kalisi (kalsiamu) huwa mkubwa, na mifupa huachia kalisi pamoja na risasi, nayo risasi ikavuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Aliyefanya kazi na mafuta hayo miaka ya nyuma amweleze daktari mapema, apimwe risasi kwenye damu kabla ya kushika mimba, na aangaliwe kama ana upungufu wa madini ya chuma, maana mwili wenye upungufu huo hufyonza risasi zaidi.