Jinsi ya kuwachimba wazee wa Kariakoo stori za utotoni

Usianze na "bibi nipe historia", atakwambia hakumbuki. Muulize kwao ilikuwa mtaa gani, Kongo, Swahili au Gerezani, halafu mchore wote ile nyumba, korido katikati, vyumba huku na huku, uani na majiko ya mkaa, nani alipanga chumba kipi, hapo majina yanamwagika yenyewe, we rekodi tu kwenye simu usimkatize. Akipotea kwenye miaka mpe alama: TANU ilizaliwa Julai 1954, soko la Kariakoo alilochora msanifu majengo Beda Amuli lilifunguliwa 1975, likaungua Julai 2021. Kabla au baada? Picha za zamani zipige palepale aisee na uandike majina leo leo, maghorofa yanazimaliza zile nyumba.