SOMO: Jinsi ya kuhesabu thamani ya ardhi yenye afya, hatua kwa hatua

Ardhi inapochoka, hasara yake haiandikwi kwenye daftari la mtu yeyote. Mkulima anaiona kama mavuno hafifu na kulaumu mvua. Anayesimamia bwawa anaiona kama tope. Mnunuzi wa chakula anaiona kwenye bei. Kwa kuwa kila mmoja anaona kipande chake, hakuna anayejumlisha, na kazi ya kutunza udongo inaendelea kuonekana kama hisani badala ya uwekezaji.

Dunia imejaribu kujumlisha. Mwaka 2018 IPBES, jopo la kimataifa la wanasayansi wa bioanuwai, lilieleza kuwa uharibifu wa ardhi unadhuru maisha ya watu wasiopungua bilioni 3.2 na kugharimu zaidi ya asilimia 10 ya pato la dunia kwa mwaka. Ni takwimu nzito, ila haimwambii mtu kama makinga maji (mifereji na matuta ya kuzuia maji yasikimbie na udongo) kwenye hekta yake yatalipa. Jibu hilo unalipata kwa kukaa chini na kuhesabu mwenyewe. Nitatumia namba bila sarafu. Weka za kwako.

Hatua ya 1: Weka mipaka

Amua unahesabu eneo gani, kwa miaka mingapi, na kwa niaba ya nani. Hesabu ya mwenye shamba na hesabu ya bonde zima hutoa majibu tofauti, na yote mawili yanaweza kuwa sahihi. Usipolisema hili mapema, mtabishana mpaka usiku.

Hatua ya 2: Orodhesha ardhi inachotoa

Mazao, malisho, kuni, asali, maji yanayozama na kutokea tena kwenye chemchemi, kaboni inayokaa kwenye udongo, wadudu wanaochavusha. Andika vyote hata usivyojua bei yake.

Hatua ya 3: Pima udongo unaoondoka

Hapa ndipo wengi wanaruka, na ndipo hesabu inapopata miguu. Baada ya mvua kubwa, inama kwenye sehemu isiyofunikwa na majani. Utaona vijiwe vidogo vimekaa juu ya vinara vya udongo, kila kimoja kama uyoga. Jiwe limekinga udongo ulio chini yake, pembeni umeondoka. Chukua rula upime urefu wa kinara. Pima vingi, sehemu mbalimbali za shamba, uchukue wastani, na kumbuka kwamba udongo mwingine umehamia tu hatua chache chini bila kutoka shambani.

Tuseme umepata milimita 1, na vinara vimejitokeza tangu ulipolima mara ya mwisho. Inaonekana si kitu. Lakini milimita 1 juu ya hekta nzima ni mita za ujazo 10, na kwa udongo wenye tani 1.3 kwa mita ya ujazo, hizo ni tani 13. Asili hairudishi udongo kwa kasi hiyo: kwa mujibu wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, sentimita 2 hadi 3 za udongo zinaweza kuchukua hadi miaka 1,000 kujengeka.

Hatua ya 4: Geuza hasara iwe fedha

Njia ya kwanza ni gharama ya kurudishia. Kama udongo wako una nitrojeni asilimia 0.15, tani 13 zimeondoka na karibu kilo 20. Mbolea ya urea ina nitrojeni asilimia 46, kwa hiyo kurudishia kiasi hicho kunahitaji kilo 42 hivi za urea, karibu mfuko mzima wa kilo 50. Tahadhari: nitrojeni nyingi ya udongoni imefungwa kwenye mboji na hutoka kidogo kidogo kila mwaka, hivyo mmea usingeipata yote msimu huu. Na urea hairudishi mboji, wala uwezo wa udongo kushika maji.

Njia ya pili ni kupima mavuno yaliyopungua na kuyapa bei ya sokoni, ukitoa gharama za kuvuna na kusafirisha. Mimi naipendelea hii pale ambapo kumbukumbu za mavuno zipo.

Hatua ya 5: Linganisha "na" na "bila", usilinganishe "kabla" na "baada"

Shamba lilikuwa linatoa magunia 20. Umechimba makinga maji, miaka kumi baadaye bado linatoa 20. Mtu atasema umepoteza nguvu zako bure. Lakini kama bila makinga maji lingeshuka hadi 12, faida yako mwaka huo ni magunia 8. Kazi nyingi nzuri za hifadhi ya udongo zimedharauliwa kwa kosa hili, na inaniuma kila ninapoliona kwenye ripoti. Tafuta shamba la jirani lenye udongo na mteremko kama wako ambalo halijahifadhiwa. Hilo ndilo "bila" yako.

Hatua ya 6: Leta miaka yote kwenye thamani ya leo

Fedha ya mwaka wa kumi si sawa na ya leo. Tunaipunguza kwa kiwango cha punguzo, yaani asilimia ambayo fedha inapungua thamani kwa kila mwaka unaoisubiri: gawanya kiasi cha mwaka husika kwa (1 + kiwango), ukirudia mara nyingi kama idadi ya miaka.

Mfano: makinga maji yanagharimu 1,000 mwanzoni, ukarabati 80 kila mwaka. Faida ya ziada ni sifuri miaka miwili ya kwanza, kisha 300 kila mwaka kuanzia wa 3 hadi wa 10.

Kwa kiwango cha asilimia 10, faida zote leo zina thamani ya 1,323 na ukarabati 492. Toa na ile 1,000: unapata hasara ya 169. Kwa asilimia 5, faida ni 1,759, ukarabati 618, unabaki na faida ya 141.

Mteremko ni uleule, mifereji ni ileile. Kilichobadilika ni kiwango tu. Ndiyo maana mkulima anayekopa kwa riba kubwa hachimbi hata ahubiriwe vipi. Siyo mjinga, hesabu yake iko sawa.

Hatua ya 7: Uliza nani analipa na nani anavuna

Sasa ongeza walio chini ya mto. Tuseme udongo usioingia bwawani unaokoa 60 kila mwaka kwenye gharama za kuondoa tope. Kwa asilimia 10 hiyo ni 369 ya ziada, na ile hasara ya 169 inageuka faida ya 200. Jamii inapata, mwenye jembe anapata hasara. Hapo ndipo penye hoja ya kumlipa: kiasi chochote kati ya 169 na 369 kinamfaa yeye na kinamfaa mwenye bwawa. Ukienda kwenye kikao na namba hizo mbili, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa.

MASWALI YA WAJUMBE

Mjumbe: Mwalimu, asante kwa somo. Nimefanya hesabu yangu, nikajumlisha mavuno yaliyopungua na gharama ya mbolea ya kurudishia rutuba. Nimepata hasara kubwa sana. Niko sawa?

Jibu: Hapana ndugu, umehesabu kitu kimoja mara mbili. Mavuno yamepungua kwa sababu rutuba hiyo imeondoka. Chagua njia moja. Unaweza kujumlisha na hasara ya bwawa, maana hiyo inampata mtu mwingine.

Mjumbe: Mkuu, kiwango cha punguzo nitumie kipi? Umeonyesha kwamba kinaamua kila kitu.

Jibu: Ukihesabu kwa niaba ya mkulima, tumia riba anayotozwa kweli akienda kukopa, ukiondoa mfumuko wa bei kama faida na gharama zako ziko kwa bei za leo. Kwa mradi wa umma, tumia kinachotumiwa na mamlaka ya mipango. Kisha onyesha viwili au vitatu pembeni. Anayekuletea kiwango kimoja tu bila kukieleza, muulize.

Mjumbe: Je, haya malipo kutoka kwa walio chini ya mto yapo kweli au ni ya kwenye karatasi?

Jibu: Yapo. Jiji la New York mwaka 1997 liliingia makubaliano ya kulinda ardhi ya milima ya Catskill yanakotoka maji yake, badala ya kujenga mtambo wa kuchuja uliokadiriwa kugharimu mabilioni ya dola. Costa Rica nayo, kwa sheria ya misitu ya mwaka 1996, inawalipa wenye ardhi wanaotunza misitu, na sehemu ya fedha hutoka kwenye kodi ya mafuta.

Mjumbe: Shikamoo mwalimu. Kwetu kuna msitu wa matambiko. Nikiupa bei si ndiyo nimefungua mlango wa kuuza?

Jibu: Marahaba. Usiupe bei. Ziandike faida zake za maji na za mazao ya jirani, halafu msitu wenyewe uuandike kwa maneno, kwenye ukurasa uleule, kama jambo lisilojadiliwa. Hesabu hii inapima faida au hasara ya kubadili matumizi ya ardhi, haipangi nini kiuzwe.

Mjumbe: Mimi nimekodi shamba kwa miaka mitatu. Hii hesabu inanihusu?

Jibu: Inakuhusu sana, na kwa mfano wetu itakuambia usichimbe: ungevuna faida ya mwaka mmoja tu kati ya minane. Kabla ya kushika jembe, kaa na mwenye shamba muandikiane moja kati ya haya mawili: mkataba mrefu, au kifungu kwamba ukiondoka anakurudishia gharama kwa kadiri ya miaka ambayo makinga maji bado yatamfaa. Akikataa yote, weka matandazo na upande mikunde. Gharama ni ndogo, na faida unaweza kuanza kuiona ndani ya mkataba wako.