Intaneti imekata baada ya apdeti ya Windows? Usikimbilie kupiga Windows upya

Jana usiku kompyuta iliomba kuapdeti, ukakubali, ukaenda kulala. Asubuhi pale chini kulia alama ya waifai imegeuka dunia yenye kistari, na kazi ya watu inasubiri. Wengi wakifika hapa hubeba laptopu hadi kwa fundi, na sisi mafundi tumo wenye dawa moja kwa kila ugonjwa: kupiga Windows upya. Unarudishiwa mashine safi kabisa, na programu zako zote zimekwenda na maji. Jaribu kwanza njia hii. Naeleza kwa Windows 11. Kwenye Windows 10 mambo ni yale yale, menyu tu zimekaa kwingine.

Hatua ya 1: Hakikisha mgonjwa ni kompyuta

Chukua simu, zima data, iunge kwenye waifai ile ile, kisha fungua ukurasa ambao hujaufungua leo. Kuzima data usikusahau, maana simu hukimbilia bando kimyakimya ukadhani waifai ni nzima. Simu nayo ikigoma, angalia rauta au malipo ya mwezi. Apdeti unaisingizia.

Hatua ya 2: Bonyeza Restart, usibonyeze Shut down

Kila mteja huniambia, "Nimeshazima na kuwasha, fundi." Namwamini, ila kuzima kwa Windows ya siku hizi ni kusinzia. Kuna kitu kinaitwa Fast Startup: ukibonyeza Shut down, kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa kama kilivyokuwa, pamoja na kasoro zake. Restart ndiyo inayoanza upya kweli. Desemba 2016 watumiaji wengi wa Windows 10 walipokosa intaneti, Microsoft wenyewe walitoa tangazo la kuwataka wabonyeze Restart na si Shut down. Tangazo lenyewe walilibandika kwenye tovuti yao, likasomwe na watu wasio na intaneti.

Hatua ya 3: Tafuta njia imekatika wapi

Hapa ndipo kazi ilipo, usiparuke. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bofya kulia kwenye Command Prompt, chagua Run as administrator. Kwenye dirisha jeusi andika:

ipconfig

Tafuta mstari wa IPv4 Address chini ya waifai yako. Namba ikianza na 169.254, kompyuta imeomba anwani kwa rauta, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Ikianza na 192.168 au 10, kwa kawaida rauta imeshampokea mgeni na tatizo liko mbele zaidi. Sasa bisha hodi kwenye kompyuta ya Google iliyoko nje huko, uone kama itajibu. Andika:

ping 8.8.8.8

Ukiona "Reply from" mara nne na bado kurasa hazifunguki, njia iko wazi, kilichokufa ni DNS, yaani yule anayegeuza jina la tovuti kuwa namba. Ukiona "Request timed out", pakiti, yaani vifurushi vidogo vya data, zimetoka ila hazijapata jibu. Ukiona "General failure", hazijatoka hata nje ya mashine yako.

Hiyo ya mwisho ina kisa. Dada mmoja mhasibu aliniletea laptopu akasema, "Kaka, nilikotoka wameniambia kadi ya waifai imeungua." Nikapiga ping: General failure, mara nne. Lakini waifai ilikuwa imeungwa na ina anwani ya 192.168. Kadi iliyoungua itaungwaje? Nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, nikaandika ncpa.cpl, nikabofya kulia kwenye Wi-Fi, nikafungua Properties. Katika ile orodha yenye visanduku vya tiki kulikuwa na mstari wa VPN, ile programu ya kuingilia mtandao wa ofisi ukiwa mbali, ya ofisi aliyoihama zamani. Programu aliifuta, kichujio chake kikabaki kimekaa mlangoni, na apdeti ilipobadilisha mambo kikafunga njia yote. Nikaondoa tiki, OK, intaneti ikarudi kabla hajamaliza soda. Antivirasi za kulipia nazo zina tabia hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Safisha mipangilio

Kama kompyuta yako ina anwani iliyowekwa kwa mkono, kama zile za ofisini zenye printa ya pamoja, iandike kwenye karatasi kwanza, kwani amri ya pili hapa itaifuta. Kisha, moja baada ya nyingine:

netsh winsock reset
netsh int ip reset
ipconfig /release
ipconfig /renew
ipconfig /flushdns

Restart tena. Wenye 169.254 na wenye DNS iliyokufa, wengi wenu safari inaishia hapa.

Hatua ya 5: Simu kwa waya

Bado? Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, ingia kwenye mipangilio ya hotspot, washa USB tethering. Kompyuta ikipata intaneti, umejua mawili kwa mpigo: Windows ni nzima na kasoro iko kwenye kadi ya waifai au draiva yake, yaani programu ndogo inayoiendesha kadi hiyo, tena umepata njia ya kupakua draiva hiyo. Kabla ya lolote nenda Settings, Network & internet, Ethernet, uwashe Metered connection, yaani kuiambia Windows kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Usipofanya hivyo, apdeti zilizobaki zitalamba bando ukiwa unatazama.

Hatua ya 6: Draiva

Bofya kulia kitufe cha Windows, fungua Device Manager, kisha Network adapters. Bofya mara mbili jina la waifai yako, nenda kichupo cha Driver, bonyeza Roll Back Driver. Hii hurudisha draiva iliyokuwapo kabla ya apdeti. Kitufe kikiwa kimefifia, hakuna ya zamani iliyohifadhiwa. Chagua Uninstall Device, na kile kisanduku cha kufuta draiva usikitie tiki. Restart, Windows itaipachika upya. Ikigoma, pakua draiva kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, kwa namba kamili ya modeli iliyobandikwa chini yake. Tovuti zinazojiita za draiva za bure zipite mbali, hizo zimenipa wateja wengi.

Waifai ikiwa haipo kabisa kwenye orodha, shikilia Shift huku ukibonyeza Shut down ili izime kweli, chomoa chaja, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha washa.

Hatua ya 7: Ondoa apdeti yenyewe

Settings, Windows Update, Update history, Uninstall updates. Chagua ile yenye tarehe ya siku tatizo lilipoanza. Kama ilikuwa ile kubwa ya kubadilisha toleo zima, nenda System, Recovery, Go back. Hiyo una siku 10 tu, zikipita kitufe hakifanyi kazi.

Mtandao ukirudi, ingia Windows Update ubonyeze Pause. Unaweza kuzisimamisha hadi wiki 5, na kwa kawaida marekebisho huwa yametoka kabla ya hapo. Ile Metered ya waya wa simu iache ikiwa imewashwa.