Somo: Mtandao unaoongozwa na programu, tuanze na laptopu moja

Assalamu alaikum wanachama. Chukueni nyumba ya wageni pale Shela yenye swichi nne za mtandao, yaani visanduku vinavyounganisha kompyuta na vifaa vingine. Ukitaka simu za wageni zisiifikie kompyuta ya hesabu, huna budi kuingia kila swichi na kuipanga, kwa kuwa kila moja hujiamulia. Katika mtandao unaoongozwa na programu uamuzi unahamia kwa kontrola, programu iliyo kwenye seva, na swichi inapitisha pakiti, yaani vipande vya data, kulingana na jedwali la kanuni ililopewa. Mwaka 2008 watafiti wa Stanford na wenzao walitoa OpenFlow, lugha ya kontrola kusema na swichi. Leo kontrola ni wewe mwenyewe. Ukishaandika kanuni kwa mkono, mengine hayakutishi.

Hatua ya 1. Kwenye Ubuntu, weka zana mbili, Mininet ya kuigiza mtandao na Open vSwitch, swichi iliyo programu:
sudo apt install mininet openvswitch-switch

Hatua ya 2. Tengeneza kompyuta tatu (h1, h2, h3) na swichi moja (s1), zote za kuigiza:
sudo mn --topo single,3 --switch ovsk --controller none

Hatua ya 3. Papo hapo ndani ya Mininet andika pingall, amri inayofanya kila kompyuta iziite nyingine (ping). Hakuna itakayojibiwa. Hapa wengi hudhani wamekosea, lakini jedwali ni tupu, na swichi isiyo na kanuni hutupa pakiti.

Hatua ya 4. Unganisha h1 na h2, kwenda na kurudi:
sh ovs-ofctl add-flow s1 in_port=1,actions=output:2
sh ovs-ofctl add-flow s1 in_port=2,actions=output:1
Rudia pingall: h1 na h2 zinasikizana, h3 iko nje.

Hatua ya 5. Andika sh ovs-ofctl dump-flows s1. Utaona kanuni zako; tazama n_packets, idadi ya pakiti zilizopitia kila kanuni, ikipanda kila unapopiga ping. Msiiruke hii, ndipo somo linapoingia.

MASWALI

Fundi, kontrola ikizimika wageni watakosa intaneti?
Si papo hapo. Kanuni zilizomo zinaendelea kufanya kazi hadi muda wake uishe. Lakini stima ikikatika na swichi yenyewe ikazima, jedwali linafutika, na kontrola italijaza upya.

Swichi ya dukani itafaa?
Ikiwa tu maelezo yake yanataja OpenFlow. La sivyo, kompyuta ndogo yenye milango kadhaa ya kebo, Linux na Open vSwitch inatosha.

Kwetu Mkomani kuta za matumbawe zinakata Waifai. Hii itasaidia?
Hapana, dada. Hapo vuta kebo hadi chumbani.